Cheni ya Watu Wawili

Kagerankanda,
3 Machi 2024

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima hapo Kibondo, na kwamba kifua chako kimepata nafuu na hiyo baridi ya asubuhi. Mimi sijambo. Kazi ya zahanati inaendelea, watoto wa kliniki ni wengi, na mvua haitupi nafasi hata ya kuanika mashuka.

Najua umecheka ulipoona bahasha. Hilali, kondakta wa basi, ameniambia kwamba kila akikupa barua yangu unamwuliza, "Huyu mkwe wangu simu yake imeharibika?" Baba, simu ni nzima. Ila mimi ni mtoto wa Tukuyu. Kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe wake wala hakatishi mbele yake. Niliwahi kumwona mama akibwaga ndoo ya maji na kuingia migombani kwa sababu babu alitokea njiani. Nimesoma, navaa sare ya uuguzi, lakini nikisikia sauti yako kwenye simu naikata kabla ya salamu. Kwenye karatasi naweza. Uniachie hivyo hivyo.

Nashukuru sana kwa gurudumu. Hilali alilishusha limefungwa kwenye gunia, nikadhani umenitumia mbuzi. Ile gia kubwa ya nyuma ni pana kuliko sahani yangu ya chai! Nilikuandikia tu kwamba kilima cha kutoka hapa hadi barabara ya magari kinanishinda, kwamba baiskeli ya springi aliyoniachia mwanao Japhet naisukuma kuliko ninavyoipanda, nawe ukanifungia gurudumu zima lenye gia za kupandia. Nililifunga mwenyewe jioni ile ile.

Sasa kuna tatizo. Nikiweka cheni kwenye gia kubwa ya mbele na hiyo kubwa mpya ya nyuma, cheni inakaza kabisa. Ule mkono mdogo wa nyuma unaobeba cheni unavutwa mbele mpaka unanyooka, na pedeli zinagoma. Nimeharibu nini?

Kuhusu Japhet, hakuna neno. Simu yake haipatikani tangu kabla ya Krismasi. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo karibu na nyumba, naacha ninachofanya na kusikiliza hadi ipite. Ukipata habari zake, hata za kuokoteza kwa watu waliotoka huko machimboni alikokwenda, niandikie siku hiyo hiyo.

Mkamwana wako,
Aneth


Kibondo,
11 Machi 2024

Mkamwana wangu Aneth,

Marahaba, na amahoro, amani iwe kwako. Kifua sasa kinakohoa kwa adabu, asubuhi tu, kisha kinaniacha nifanye kazi. Majirani wote wazima. Mama Pelagia wa mgahawa anakusalimu na anauliza lini utakuja ale pilau yako ya Kinyakyusa. Nimemwambia kwenu hamna pilau, mna ndizi. Hakuniamini.

Mama yako alibwaga ndoo, wewe unabwaga bahasha. Basi bwaga, mimi naokota.

Hujaharibu kitu. Gia ya nyuma ikiwa kubwa, njia ya cheni inakuwa ndefu, na cheni ile ya zamani haifiki tena. Usiilazimishe. Itaung'oa ule mkono, au itakatika ukiwa katikati ya kilima.

Ndani ya kitambaa utakuta kipande cha cheni, viungo viwili vya kufungia kwa vidole, na msumari niliousaga ncha. Fungua cheni yako hivi: laza kiungo juu ya nati kubwa, simamisha msumari kwenye pini, gonga taratibu hadi pini itokee upande wa pili. Unga kipande nilichokutumia. Kisha zungusha cheni kwenye gia kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye ule mkono. Vuta ncha zikutane. Kuanzia pale zinapokutana ongeza vipande viwili, kile chembamba na kile kipana, maana vinafuatana hivyo. Hapo ndipo pa kukata. Ukimaliza, ipitishe kwenye mkono, ifunge, ujaribu na gia ndogo kwa ndogo. Ikilegea na kuning'inia, umeacha ndefu mno.

Baiskeli ya springi ina tabia yake. Mzigo mzito ukikaa juu, springi inashuka, gurudumu la nyuma linasogea nyuma kidogo, na cheni inakaza zaidi. Lakini wewe ni mwepesi na unapanda peke yako. Kipimo hicho kitakutosha.

Jana amepita mtu aliyevaa kofia kama ya Japhet. Niliinuka na spana mkononi, nikasema, "Karibu, karibu!" Mtu wa watu akashtuka, akadhani namdai. Unajua Japhet aliondoka akisema atarudi kunijengea banda lenye bati, nisikae tena juani kandokando ya barabara. Nilimwambia jua tumeshazoeana. Hakusikia. Sasa ni mwaka wa pili, na hilo banda silitaki. Namtaka yeye. Nikila namtaka, nikifunga kazi namtaka.

Niandikie cheni ikikubali.

Baba mkwe wako,
Marcel


Kagerankanda,
29 Machi 2024

Baba mkwe,

Shikamoo, na heri ya Pasaka inayokuja. Mimi ni mzima isipokuwa vidole viwili nilivyovigonga kwa nyundo. Usicheke. Kucha moja imekuwa nyeusi na wagonjwa wananipa pole mimi badala ya mimi kuwapa wao.

Imekubali! Nilifanya kama ulivyoandika, karatasi yako nimeiegesha kwenye sufuria. Mara ya kwanza nilikata mahali ambapo vipande viwili vyembamba vinatazamana, havikufungana, nikakaa chini nikakutukana kidogo kimoyomoyo. Nisamehe. Mara ya pili vikafungana. Asubuhi nimepanda kilima chote nikiwa nimekaa, baba, chote! Kina mama waliokuwa wanashuka na watoto wao wakapiga vigelegele, na mmoja akasema nesi ameota mabawa.

Nilipofika juu nilitaka kumwambia mtu. Nikageuka, hakuna. Nikaipigapiga siti, nikaiambia baiskeli asante. Japhet angenicheka kwa hii grisi iliyo mpaka kwenye nyusi.

Lile shati lake la bluu nimelifua tena ingawa hakuna aliyelivaa. Limeanza kupauka mabegani, kwa hiyo sasa nalianika ndani. Sijui kwa nini nakwambia hili. Nadhani ni kwa sababu wewe ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye naye anamngoja.

Mkamwana wako,
Aneth


Kibondo,
20 Mei 2024

Mkamwana wangu,

Amahoro. Hujambo? Afya? Kazi? Nauliza yote kwa mkupuo kwa sababu sina barua yako ya kujibu.

Nilikuandikia baada ya Pasaka, kisha tena mvua zilipopungua. Hilali anashuka kwenye basi mikono mitupu, anatikisa kichwa kabla sijamwuliza. Nimeanza kumchukia bure yule kijana, na hana kosa. Anasema amekuona kwa mbali, unaonekana mzima, unatembea haraka.

Labda umehamishwa kazi na hujui pa kuanzia kunieleza. Labda niliandika neno likakuuma. Kama ni hivyo liseme. Mimi ni mtu wa nyundo, maneno yangu hayakupigwa msasa.

Hata mstari mmoja unanitosha. Andika tu: cheni ni nzima.

Baba mkwe wako,
Marcel


Kagerankanda,
6 Juni 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi ni nyingi, ndiyo maana nilikaa kimya. Unisamehe. Barua zako zote zimefika.

Cheni imekatika. Ilikuwa kwenye kilima, nimeweka gia kubwa ya nyuma, nilikuwa nakanyaga kwa nguvu kwa sababu njia bado ina matope, na bado nilikuwa sijaishusha ile gia kubwa ya mbele. Ilikaza ghafla, ikalia, ikaachia. Nilikuwa peke yangu, na boksi la dawa kwenye keria. Nimechubuka goti tu.

Nakutumia ncha zilizokatika uone. Naomba unitumie kipande kingine haraka ukiweza. Naihitaji sana baiskeli hii, baba, siwezi kukueleza ninavyoihitaji.

Mkamwana wako,
Aneth


Kibondo,
17 Juni 2024

Mkamwana wangu Aneth,

Amahoro. Pole ya goti. Lisafishe wewe mwenyewe, usijifanye nesi wa wengine tu.

Nimetembea na ncha zako za cheni mfukoni tangu zifike. Nimezitazama juani, nimezitazama kwa taa. Pini hazijaliwa, cheni haijachakaa. Bamba la kiungo limefunguka kwa kuvutwa. Cheni hii ilikuwa fupi. Lakini haikuwa fupi kwa mtu mmoja, maana ulipanda nayo kilima kizima na kina mama wakakushangilia.

Ile keria niliichomelea mimi, Aneth. Niliichomelea kwenye fremu chini ya siti, siyo kwenye gurudumu, kwa hiyo chochote kinachokaa pale kinaikandamiza springi. Boksi la dawa haliwezi kuishusha hadi cheni ikatike. Siku nilipomaliza kuichomelea nilimpakia Japhet tukazunguka soko lote, springi ikagusa mwisho, cheni ikalia. Naujua uzito huo. Uliyempakia ni mwanaume mzima.

Kwanza moyo uliniruka. Nikasema, amerudi! Nilikunja kazi mapema, nikaacha tairi la mtu halijazibwa. Njiani kuelekea nyumbani nikapoa. Mwanangu hawezi kukaa nyuma huku mkewe anakanyaga kilimani. Wewe unamjua, hata kwenye pikipiki anataka aendeshe yeye. Nawe umeandika kwa mkono wako kwamba aliyekuwa anakanyaga ni wewe. Tena hii ni barua yako ya kwanza ambayo jina lake halimo. Nimeisoma mara nyingi nikilitafuta.

Basi nimeelewa. Sikulaumu. Wewe bado kijana, na yeye hana simu wala salamu, na nyumba yenye mtu mmoja ni ndefu, hilo najua tangu mama yake Japhet afariki. Siwezi kukuficha kwamba nimeumia. Nimelia hapa hapa barabarani, nikasingizia vumbi la malori. Nilikuwa nimeshazoea kwamba tunamngoja wawili.

Lakini hata kama ni mwingine, sitaki cheni imkatikie kilimani, wala wewe pamoja naye. Nimekutumia kipande kirefu. Safari hii upime hivi: baiskeli isimame kwa magurudumu yake, siyo kupinduliwa. Yeye akae kwenye keria kwa uzito wake wote. Mwambie asijisaidie kwa miguu chini, ainue miguu. Springi ikishuka ndipo wewe uzungushe cheni kubwa kwa kubwa, ndipo uongeze vile vipande viwili. Ukipima akiwa amesimama pembeni, itakatika tena.

Nitaendelea kukuita mkamwana mpaka utakaponikataza.

Baba mkwe wako,
Marcel


Kagerankanda,
25 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi kwa sababu nataka nifike haraka pale ninapokwenda.

Ni yeye. Niliyempakia ni Japhet.

Alirudi siku chache baada ya Pasaka. Lori la mahindi lilimshusha barabarani, na watu wakaja kuniita zahanati wakidhani ni mgonjwa. Mguu wa kulia haupo kuanzia chini ya goti. Kifusi cha shimo kilimwangukia huko machimboni, wakamkata huko huko, na simu ikabaki chini ya mawe. Miezi yote ile sisi tunasikiliza pikipiki, yeye alikuwa kitandani. Kidonda kimepona vizuri, nakwambia kama muuguzi. Mwili ni mzima, anakula, amenenepa hata.

Neno la kwanza aliloniambia lilikuwa, "Baba asijue." Anataka apate mguu wa bandia kwanza, aingie Kibondo akitembea. Nikamkubalia kwa sababu nilikuwa nimemshika na sikutaka kumwachia kwa ajili ya ubishi. Kisha nikashindwa kukuandikia. Kila nikianza, ningelazimika kusema hakuna neno kuhusu Japhet, na huyo Japhet amekaa jikoni ananimenyea ndizi. Nikaona heri kimya. Cheni ilipokatika sikuwa na mwingine wa kumwomba. Na hilo boksi la dawa ni uongo, nisamehe.

Nampandisha hadi barabarani, pale anapata gari la kwenda hospitali Kasulu kupimiwa huo mguu. Magongo yalikuwa yanateleza kwenye matope, na kwa mguu mmoja hawezi kukanyaga kile kilima. Alikataa kata kata kupakiwa. Nilimwambia basi abaki hapa mpaka kiangazi, akapanda. Siku cheni ilipokatika tulianguka mtaroni wote wawili, yeye chini mimi juu. Mimi nilicheka. Yeye alilia, na hakulia kwa sababu ya maumivu.

Barua yako nilimsomea jana. Nilipofika pale ulipodhani nina mwanaume mwingine, nilitaka kuruka mistari, akasema soma. Nikasoma. Nilipofika kwenye "hata kama ni mwingine" akaninyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe, akaiweka gotini. Akasema, "Mzee amemtumia cheni mtu anayemchukulia mke wa mwanawe." Nikamwambia ndivyo. Akaikunja karatasi, akashika magongo. Kisha akasema, "Haya, njoo tupime."

Tulipima uani. Alikaa kwenye keria kwa uzito wake wote, akashika dirisha la jiko, akainua mguu kama ulivyoagiza. Springi ikashuka, nikazungusha cheni, nikaongeza vipande viwili. Leo asubuhi tumepanda hadi juu bila kushuka. Cheni ni nzima, baba.

Ameniruhusu nikuandikie ukweli wote. Lakini anasema usije. Anaogopa utakavyomtazama. Anasema wewe ulikuwa unamhesabu kuwa ndiye atakayekutoa juani, na sasa yeye ndiye anayebebwa. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Mkamwana hampangii baba mkwe wake safari, kwa hiyo mimi sisemi uje wala sisemi usije. Nakukumbusha tu kwamba basi la Hilali lina viti.

Mkamwana wako,
Aneth


Makere,
2 Julai 2024

Mwanangu Japhet,

Amahoro. Barua hii ni yako, usimpe Aneth akusomee.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia goti. Basi limesimama hapa Makere, dereva anakula, nami nimeazima kalamu ya Hilali. Ananiuliza, "Sasa mzee, barua ya nini na wewe mwenyewe unakwenda?" Nimemwambia barua itaongea, maana mimi najijua. Tulipomzika mama yako sikutoa neno hata moja, na watu wakadhani sina uchungu. Nisingependa nawe udhani hivyo.

Umesema nisije. Nimesoma, nimeelewa, na ninakuja.

Huo mguu nitaulilia. Usinikataze, mimi ndiye niliyeufundisha kukanyaga pedeli pale kwenye uwanja wa kanisa, ukiwa hufiki hata kwenye siti. Nikishaulilia nitafurahi, na nadhani furaha itanizidi nguvu. Wewe hujui, mwanangu, nimekuzika moyoni mara ngapi tangu simu yako ikae kimya. Kila lori likileta watu wa machimboni nilikuwa nawauliza jina lako kisha naogopa wasinijibu. Na muda wote huo ulikuwa hai. Ulikuwa hai unakalia keria yangu, unakata cheni! Nimemwambia kila abiria wa basi hili. Mama mmoja amenipa parachichi nikuletee.

Mambo ya banda na jua tusiyazungumze leo. Tukizungumza leo tutagombana, na mimi sikuja kugombana, nimekuja kukuona. Ukitaka kazi, kuna magurudumu ya kunyoosha ambayo mtu hunyoosha akiwa amekaa, na macho yangu siku hizi yananidanganya. Lakini hilo pia litasubiri.

Mwambie mkeo asihangaike na kitanda. Baba mkwe halali nyumba moja na mkamwana, si kwao tu, hata kwetu. Katekista wa hapo atanilaza. Akitaka abaki jikoni mpaka niondoke, abaki, nitamsalimia kupitia ukutani na nitamshukuru kupitia ukutani. Mwambie kwamba nilimfikiria vibaya, na kwamba kwa siku zile zote sikuacha kumpenda.

Dereva amenawa mikono, tunaondoka.

Karatasi hii nitaipitisha chini ya mlango, kisha nitasimama uani. Ukimaliza kusoma usihangaike na magongo. Niite tu, nami nitaingia.

Baba yako